Kuhamisha Gari kwa Vikokoteni Ndani ya Gereji ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Gari likishakaa juu ya vikokoteni vinne, yaani vibebeo vidogo vyenye vigurudumu vinavyowekwa kimoja chini ya kila tairi, halina breki tena. Vuta breki ya mkono mpaka mwisho, weka gia, funga usukani. Bado mtu mzima akiliegemea vizuri litaondoka. Breki hushika matairi ya gari, na matairi hayo sasa hayagusi sakafu. Kinachogusa sakafu ni vigurudumu vidogo 16, vinne kwa kila kikokoteni, na kila kimoja kinaweza kugeukia upande wowote. Ndiyo maana kifaa hiki kinaweza kulipeleka gari ubavu, kulizungusha papo lilipo au kulibananisha na ukuta ambao usukani usingelifikisha. Na ndiyo maana kikitumiwa ovyo kinaumiza watu.

Nimekuwa nikivitumia kusogeza gari ambalo halina injini, ninalolifufua polepole katika gereji yenye nafasi ya kufungua mlango mmoja tu kwa wakati. Wiki moja nahitaji ubavu wa kulia, wiki nyingine wa kushoto, na katikati ya hayo gari lingine linataka kulala humo humo. Haya ninayoandika ndiyo ningependa kuambiwa kabla sijapandisha tairi la kwanza. Mengi yanahusu sakafu, kwa sababu gari lisilo na breki huenda sakafu inakotaka.

Aina za vikokoteni

Vipo vya namna mbili kuu. Vya kwanza ni vya bamba: bamba nene la chuma lililobonyezwa katikati ili tairi likae kama yai kwenye kikombe, na chini yake vigurudumu vinne. Hivi ni rahisi, havina kitu cha kuharibika, ila haviwezi kuinua chochote. Lazima upige jeki, utelezeshe kikokoteni chini ya tairi, kisha ushushe.

Vya pili hujipakia vyenyewe. Vina umbo la fremu yenye rola mbili, moja mbele ya tairi na moja nyuma. Ukikanyaga pedali, rola hizo husogeleana, zinalibana tairi kwa chini na kulinyanyua sentimita chache. Vingine hutumia meno ya chuma yanayojifunga hatua kwa hatua, vingine haidroliki. Ni ghali zaidi na ni vizito kubeba, lakini vinaondoa jeki kwenye kazi, na jeki ndiyo sehemu yenye ajali nyingi. Kama unahamisha gari kila wiki, nunua hivi. Kama ni mara mbili kwa mwaka, vya bamba vinatosha.

Angalia vigurudumu kabla ya kuangalia rangi ya bamba. Kigurudumu chenye kipenyo cha milimita 50 hugota kwenye kokoto ndogo kama punje ya hindi. Cha milimita 100 huipanda na kupita. Vya chuma tupu hubeba uzito mkubwa na huzunguka kwa wepesi, ila hukwaruza rangi ya sakafu na kuacha alama za kutu kukiwa na unyevu. Nailoni ngumu ni nyepesi kusukuma, lakini nayo ina kelele na haisamehi nyufa. Mimi napendelea vya poliyurethani vyenye beringi za gololi kwenye ekseli na kwenye shingo inayozunguka. Shingo isiyo na beringi hukataa kugeuka ikishabebeshwa mzigo, nawe utasukuma gari huku kikokoteni kimoja kikilivuta kwingine.

Na vigurudumu vyenye kufuli. Angalau viwili kwa kila kikokoteni. Sababu yake utaiona tutakapofika kwenye kona ya nne.

Uzito wa kweli wa kila kona

Watu huchukua uzito wa gari, wakagawa kwa nne, wakanunua. Hesabu hiyo inadanganya. Gari lenye injini mbele linaloendeshwa na matairi ya mbele huweka takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele. Chukua gari la kilo 1,400: mbele kuna kilo 840, yaani 420 kwa kila tairi, na nyuma kuna 280 kwa kila tairi. Ukigawa kwa nne unapata 350, na vikokoteni vya mbele tayari vimezidiwa kwa kilo 70 kabla gari halijasogea.

Kisha kumbuka gari linatembea. Kikokoteni kimoja kikitumbukia kwenye ufa, uzito huhamia kwa wenzake kwa ghafla. Kanuni ninayofuata: chukua tairi zito kuliko yote, zidisha kwa moja na nusu, na kila kikokoteni kiwe na uwezo huo au zaidi. Kwa gari la mfano wetu ni kilo 630. Soma pia kama uwezo ulioandikwa kwenye boksi ni wa kikokoteni kimoja au wa jozi. Wauzaji wengi huandika jumla kwa herufi kubwa.

Uzito wa gari utaupata kwenye kadi ya usajili, kwenye kitabu cha gari, au kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Cha mlangoni mara nyingi ni uzito wa juu kabisa, gari likiwa na abiria na mizigo, kwa hiyo ukikitumia umejiongezea usalama. Magari ya umeme yaangalie kwa jicho la pekee: betri huongeza mamia ya kilo, na mengi ni mazito kuliko yanavyoonekana.

Sakafu kwanza

Hapa ndipo ningekuomba utumie nusu ya muda wako wote.

Sakafu nyingi za gereji humiminwa zikiwa na mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Kwa matairi ya kawaida hutauhisi. Kwa vikokoteni ni habari nyingine. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ni asilimia 2, na asilimia 2 ya kilo 1,400 ni kilo 28. Hiyo ndiyo nguvu inayolivuta gari kuelekea mlangoni muda wote, hata umelala. Vigurudumu vizuri juu ya zege laini navyo huzuia kwa asilimia chache tu za uzito, kwa hiyo mteremko usioonekana kwa macho unaweza kutosha kuliondoa gari lenyewe, hasa likishaanza kutembea.

Pima. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, uweke sakafuni kuelekea mlangoni, weka pima maji juu yake, nyanyua upande wa chini mpaka povu likae katikati, kisha pima pengo kati ya ubao na sakafu. Pengo la milimita 20 kwenye ubao wa mita 2 ni asilimia 1. Rudia kwa upana wa gereji na kwa pembe. Kama huna pima maji, weka gololi sehemu tofauti na utazame inakokwenda. Haikupi namba, ila inakuonyesha ni ukuta upi gari litautamani.

Kwangu mimi asilimia 1 ni kazi ya kawaida kwa watu wawili makini. Kati ya 1 na 2, naongeza mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kabari tu, na kamba nene kutoka kwenye ndoano ya kuvutia gari iliyozungushwa mara kadhaa kwenye nguzo imara upande wa juu, ikiachiliwa taratibu kadiri gari linavyosogea. Zaidi ya 2, situmii vikokoteni. Njia ya kuingilia gereji, hata ionekane tambarare namna gani, haihesabiki kuwa sakafu. Gari likiwa juu ya vikokoteni halivuki kizingiti cha mlango kwenda nje.

Baada ya mteremko, uso. Fagia, kisha fagia tena, halafu pitisha kiganja. Msumari mmoja, chembe ya zege, kipande cha waya: chochote kilicho kigumu chenye kimo cha zaidi ya milimita 3 kinaweza kusimamisha kigurudumu. Nilijifunza hilo kwa kokoto moja. Kikokoteni cha nyuma kulia kiligota, sisi wawili tukaendelea kusukuma kwa sababu gari lilikuwa bado linasogea, kumbe tairi lilikuwa likipanda ukingo wa bamba. Lilibaki sentimita mbili kudondoka. Tangu siku hiyo gari likikataa, hatuongezi nguvu, tunainama kutazama.

Nyufa na viungio vya zege hufunikwa. Kipande cha chuma cha milimita 3 chenye ukingo uliopigwa tupa kinatosha kwenye ufa mwembamba. Mfereji wa maji wenye wavu usiuamini, maana wavu mwingi umetengenezwa kwa ajili ya tairi pana la gari, si kigurudumu chenye upana wa sentimita 3 kinachobeba zaidi ya kilo 100 mahali pamoja. Ufunike kwa bamba nene linalopumzika kwenye zege pande zote mbili.

Uzito huo uliokusanyika mahali padogo ndio unaovunja vigae pia. Gonga kigae kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama debe tupu, chini yake kuna uwazi na kitapasuka. Lami hubonyea, hasa kukiwa na joto. Matofali ya kupangwa hayafai kabisa. Sakafu ya mbao isikanyagwe mpaka ujue inabeba nini. Kama sehemu mbaya haikwepeki, tandika mbao za plaiwudi za milimita 18 zilizofungwa pamoja zisiachane, na uhakikishe njia yote imetandikwa, mwanzo hadi mwisho.

Kuliandaa gari

Jaza upepo kwenye matairi kama kitabu kinavyosema. Tairi legevu hutanuka na kumwagika nje ya bamba, na rola za vikokoteni vya kujipakia hulibana vibaya. Nyoosha matairi ya mbele kabisa. Toa vitu vizito kwenye buti ili ulinganifu wa uzito usikushangaze, teremsha kioo kimoja ili ufunguo usije ukajifungia ndani, funga milango.

Breki ya mkono ivutwe na gia iwekwe. Haizuii gari kuondoka, kama nilivyosema, lakini inazuia tairi kuzunguka ndani ya kikokoteni na kujiviringisha nje. Kama breki ya mkono ya gari lako imekufa, fungia tairi kwenye bamba kwa mkanda wa kufungia mizigo uliopita kwenye matundu ya rimu.

Pima pia nafasi unakolipeleka, pamoja na vikokoteni. Vya bamba kwa kawaida hutokeza nje ya tairi sentimita kadhaa kila upande, na vya kujipakia zaidi. Nimeona gari lililoingia ukutani vizuri sana halafu pedali ya kushushia ikawa haifikiki.

Kupandisha kwa jeki

Unahitaji jeki ndefu ya magurudumu, ile ya kulala chini yenye mpini mrefu. Jeki ndogo ya dharura inayokuja na gari iache kwenye buti. Unahitaji pia stendi mbili za jeki na kabari nne za maana, za mbao ngumu au raba.

Anza na mbele. Katika magari mengi breki ya mkono hushika matairi ya nyuma, hivyo ukianza mbele, nyuma inabaki imeng'ang'ania sakafu. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya nyuma. Piga jeki mahali ambapo kitabu cha gari kimepaonyesha, si mahali panapoonekana pagumu. Hili ni muhimu zaidi kwa gari la umeme, kwa sababu sehemu kubwa ya chini yake ni kasha la betri.

Wakati jeki inapanda, itazame miguu yake. Mkono wa jeki haupandi wima, unapanda kwa kuchora kipande cha duara, kwa hiyo ama jeki isogee chini ya gari au gari lisogee juu ya jeki. Tunataka jeki isogee. Magurudumu yake yakigota kwenye takataka, gari ndilo litakalovutwa, au kichwa cha jeki kitateleza.

Springi hulisukuma tairi chini kadiri bodi inavyopanda, kwa hiyo utainua bodi kwingi kabla tairi halijaachana na sakafu. Endelea mpaka tairi lipite kimo cha kikokoteni kwa sentimita 2 au 3, basi. Weka stendi karibu na jeki, kimo chake chini kidogo ya bodi, iwe kinga jeki ikishindwa. Sukuma kikokoteni kwa mpini wa ufagio au kwa mguu, usiingize mkono chini ya tairi linaloning'inia.

Shusha kwa robo zamu ya mpini. Tairi likigusa bamba, simama. Tazama kwa mbele na kwa ubavu: katikati ya tairi iko katikati ya bonde la bamba? Ukingo wa ndani haujakalia fremu? Likiwa limekaa upande, inua tena urekebishe. Usilisogeze kwa kulipiga teke, wala usitumaini kwamba litajiweka sawa likishabeba uzito. Likikaa vizuri, toa stendi, shusha mpaka mwisho.

Rudia tairi la pili la mbele. Sasa kabla hujagusa nyuma, funga vigurudumu vyote vyenye kufuli vya vikokoteni vya mbele, halafu pigilia kabari kwenye vile visivyo na kufuli. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wengi hulisahau hatua hii. Mbele ya gari sasa iko juu ya vitu vinavyoteleza kila upande. Kilichobaki kinachoshika sakafu ni matairi mawili ya nyuma, nawe unakaribia kuyanyanyua.

Nyuma nainua kona moja moja hata kama gari lina sehemu ya kupigia jeki katikati. Ukiinua zote mbili kwa pamoja, gari zima linakuwa juu ya vikokoteni viwili na jeki yenye magurudumu, hakuna hata tairi moja chini. Kwa kona moja moja, kona ya tatu inapopanda, ya nne bado imeshika. Kona ya nne ndiyo ya hatari: pindi tu tairi hilo linapoachana na sakafu, gari halishikwi na chochote chake. Linashikwa na kufuli na kabari zako peke yake. Kabla ya kuinua kona hiyo, zunguka vikokoteni vyote vitatu, gusa kila kufuli kwa mkono, umwondoe kila mtu mbele na nyuma ya gari.

Na hakuna anayeingia chini ya gari, wala mkono wala kichwa, kuanzia sasa mpaka literemke. Vikokoteni si stendi. Kama kuna kazi ya chini ya gari, lipeleke unakotaka, liweke kwenye stendi, ndipo ulale chini. Injini nayo isiwashwe.

Ukiwa na vya kujipakia

Kazi inakuwa fupi. Fungua rola kwa upana wa kutosha, ingiza fremu kwenye tairi kutoka nje mpaka rola zipite upana wote wa tairi, kisha kanyaga. Hakikisha rola zimelingana pande zote mbili, na pini ya usalama imeingia kabla hujaondoka hapo. Kwenye vya haidroliki pini hiyo ndiyo inayobeba gari mafuta yakivuja. Tairi pana sana au sketi ndefu za pembeni (mapambo yanayoning'inia chini ya ubavu wa gari) zinaweza kuzuia fremu kuingia, kwa hiyo linganisha upana wa tairi na kipimo cha mtengenezaji kabla ya kununua. Utaratibu wa kona ni ule ule, na kabari kabla ya kona ya nne ni zile zile.

Kusukuma

Watu wawili ndio kiwango cha chini. Simameni kwenye kona zinazokabiliana kwa pembe, mmoja mbele kulia, mwingine nyuma kushoto, na mmoja tu awe mwenye sauti. Akisema simama, wote mnasimama, maswali baadaye. Hakuna anayesimama kati ya gari na ukuta, hata kwa sekunde ya kuangalia kama linaingia. Anayetaka kuangalia aangalie kwa pembeni.

Ondoa kabari, fungua kufuli, mkiwa mmelishika gari. Subiri. Likitaka kuondoka lenyewe, utajua sasa, na ni heri ujue kabla hujalipa mwendo.

Msukumo wa kwanza huwa mzito na wa ajabu. Vigurudumu vimetazama huku na kule kutokana na ulivyovitelezesha, na lazima kila kimoja kigeuke kifuate mwendo. Wakati vinageuka, gari huyumba ubavu sentimita kadhaa. Acha nafasi hiyo upande wa kushoto na kulia kabla ya kuanza, maana kioo cha pembeni kilichokuwa sentimita 3 kutoka kwenye rafu hakitapona. Kila unapobadili mwelekeo kitendo hicho hurudia. Ujanja wa kuupunguza ni kugeuza vigurudumu kwa mguu, kimoja kimoja, vitazame unakoelekea kabla ya kusukuma.

Sukuma kwenye tairi lenyewe au kwenye rimu inapowezekana, maana hapo nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye kikokoteni. Nguzo ya mlango, kioo kikiwa kimeteremshwa, nayo ni imara. Bati la ubavuni hubonyea, bampa za plastiki hukatika vishikio, na taa zisiguswe. Msivute kwa gari jingine.

Kwenda ubavu, wote wawili sukumeni upande mmoja kwa nguvu sawa, mmoja mbele mwingine nyuma, na muwe mnaitana ili kona moja isitangulie. Kuzungusha, mmoja ashike kona yake isitoke, mwenzake asukume kona ya mbali kama anayefunga mlango mzito. Kwa njia hii nimegeuza gari kutoka kutazama ndani mpaka kutazama nje bila kulitoa gereji. Mbele ya gari hufagia duara kubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo chora duara hilo kwa chaki kwanza.

Mwendo uwe wa konokono, na nina namba za kuunga mkono hilo. Gari la kilo 1,400 likienda mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu, ukitaka kulisimamisha ndani ya nusu mita unahitaji nguvu ya kama kilo 140, ukiacha msuguano mdogo wa vigurudumu. Punguza mwendo nusu, nguvu hiyo inashuka mpaka kilo 35, kwa sababu nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Kilo 35 mtu anaiweza. Kilo 140 inampeleka ukutani. Kwa hiyo sukuma kidogo, liache litembee, sukuma tena. Msukumo wa kusimamisha uanze mita moja kabla ya mwisho. Egemeza tairi kuukuu ukutani unakoelekea, na kamwe usijaribu kulisimamisha gari kwa kutia mguu chini ya kikokoteni.

Kama una viwili tu

Vikokoteni viwili vinatosha kwa kazi moja: kusogeza mkia au kichwa cha gari upande. Weka viwili nyuma, matairi ya mbele yabaki sakafuni, na mkia utaupeleka ubavu huku mbele ikijipinda mahali pake. Kwa gari lililokwama kwenye gia ya kuegesha, viweke chini ya matairi yanayoendeshwa na injini, na yale mengine yaachwe yazunguke huru, yakiwa na kabari mpaka dakika ya kuondoka. Gari linaloendesha matairi yote manne, tumia vinne.

Usifanye ule mtindo wa kuinua nyuma ya gari kwa jeki ya magurudumu kisha kulisukuma gari pamoja na jeki yake. Magurudumu ya jeki yamewekwa ili jeki ijisogeze wakati wa kuinua, na jeki iliyonyanyuliwa juu ni nyembamba chini kuliko mzigo wake. Msukumo wa ubavu huipindua.

Likikaa kwa muda mrefu

Ukifika, funga kufuli zote na kabari zirudi, mbili kwa kila kikokoteni, pande zinazopingana. Kwa usiku mmoja au wiki hakuna shida. Likikaa miezi, mambo mawili huanza. Tairi huchukua umbo la bamba, hasa kama upepo umepungua, na vigurudumu huzama kwenye rangi ya epoksi na kuacha vishimo. Kwa muda huo mrefu napendelea kulihamishia kwenye stendi na kuweka vikokoteni pembeni. Ikishindikana, ongeza upepo kidogo bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, weka kipande cha plaiwudi chini ya kila kikokoteni, na kila mwezi lisogeze gari kidogo.

Kushusha ni kupandisha kwa kinyume, na hatari imegeuka nayo: tairi la kwanza kushuka ndilo linalokupa mshiko wa sakafu, kwa hiyo liwe la nyuma, ambako breki ya mkono inafanya kazi. Kufuli na kabari zote zikiwa mahali pake, inua kona moja ya nyuma, vuta kikokoteni, shusha, weka kabari kwenye tairi. Baada ya hapo unaweza kupumua.

Kujitengenezea

Inawezekana, na vyangu vya kwanza vilikuwa vya mbao. Bandika plaiwudi mbili za milimita 18 kwa gundi na skrubu, ukubwa wa sentimita 45 kwa 40. Juu yake funga mbao mbili zilizokatwa kwa mshazari, moja mbele ya tairi na nyingine nyuma, tairi likae katikati lisiviringike. Vigurudumu vifungwe kwa bolti zinazopenya mbao zote, na wosha pana juu. Skrubu za mbao zitang'oka siku kigurudumu kitakapogota.

Katika kuchagua vigurudumu, gawa uzito wa tairi kwa tatu, si kwa nne. Hakuna sakafu iliyonyooka kabisa, na wakati wowote kigurudumu kimoja kinaweza kuwa hewani. Tairi lenye kilo 420 linakupa kilo 140 kwa kigurudumu, kisha ongeza nusu yake: nunua vya kilo 210 au zaidi. Kabla ya kuvipa gari, vijaribu kwa uzito: shusha kona moja juu ya kimoja, kiache usiku kucha, asubuhi tazama kama ubao umepinda.

Vya kununua au vya kujitengenezea, kila baada ya kazi vipindue. Nywele, nyuzi za matambara na unyoya wa ufagio hujisokota kwenye ekseli za vigurudumu mpaka vinagoma kuzunguka. Vikate kwa kisu. Kaza nati, tia grisi kwenye shingo, pitisha kidole kwenye maungio ya kuchomelea ukitafuta ufa. Kigurudumu chenye upande uliochubuka na kuwa bapa kibadilishe pamoja na pacha wake wa upande wa pili, maana kimo chao kikitofautiana bamba litakaa kwa mwinamo na tairi litaanza kutafuta ukingo.